Mama Juliana na Mtu wa Huduma kwa Wateja

Juliana aliikata simu ya kwanza. Alikuwa amesimama nje ya ofisi ya shule huko Pangani, Kibaha, anakofanya kazi ya ukarani, na wanafunzi waliotoka mapumziko walikuwa wanapiga kelele pande zote. Namba ilikuwa ngeni. Sauti ya kijana ilianza bila hata salamu: "Dada Juliana? Mama yako ameanguka huku Masaki ya Kisarawe, shambani..." Hapo hapo akakata. Kwao kulikuwa na sheria: namba ngeni ikianza na habari za ugonjwa, kata. Sheria hiyo aliitunga mama yake mwenyewe.

Simu ikaita tena. Safari hii aliipokea kwa hasira.

"Kaka, tafuta kazi nyingine. Kwetu hampati kitu."

"Dada, usikate, nakuomba. Naitwa Dulla, naendesha bodaboda huku Masaki. Namba yako nimepewa na jirani wa shamba lenu. Mama amevaa kitenge cha akina mama wa kanisani, na shingoni ana rozari ya mbao."

"Mpe niongee naye."

Juliana akasikia kuku wakilia upande ule, na mtu akisema kwa mbali, "Mwambie tu."

"Dada, nilimpakia, jirani akakaa nyuma anamshikilia. Hatukufika zahanati. Mama ametutoka njiani. Mungu amlaze mahali pema."

"Asante," alisema Juliana, kama mtu aliyerudishiwa chenji dukani. Kisha akakaa chini kwenye kokoto, na wanafunzi wakanyamaza wenyewe, mmoja baada ya mwingine.

Mama yake, Tereza Mwashi, hakuwa mtu wa kuandikwa kwenye magazeti. Alikuja Pwani akiwa bibi harusi kutoka Usukumani, akimfuata mumewe Ponsiano Mahona, dereva wa malori. Ponsiano alichoka kulala kwenye magari, akanunua kiwanja Visiga, karibu na Barabara ya Morogoro, ili kila akipita na lori mke wake asikie honi. Baadaye wakapata na shamba la mikorosho Masaki, Kisarawe. Ponsiano alipougua na kufa, alizikwa huko shambani, na Tereza akabaki Visiga na watoto wawili, Juliana na mdogo wake Herman, na cherehani ya kushonea sare za shule. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya ndogo ya Kikristo ya mtaa wao, na kwa sala hakuwa na mpinzani. Padre mmoja alimtania kwamba siku ya mwisho malaika watamwomba afupishe.

Nyumba ile ilikuwa na kosa lake moja la sala. Enzi za uhai wa Ponsiano, kila jioni walisali rozari na litania ya Bikira Maria. Mama akitaja jina, watoto waliitikia, "Utuombee." Lakini kwa kuwa baba alikuwa barabarani siku zote, mama aliwafundisha kuongeza maneno: "Utuombee, na walio njiani." Watoto walikua wakijua ndivyo Kanisa linavyosali. Herman aliyasema kwa sauti kubwa siku ya kwanza ya mafundisho ya Komunyo, na kanisa zima la watoto likamcheka hadi akalia. Alirudi nyumbani akadai yaondolewe. Mama akamwambia, "Wao baba zao wamelala nyumbani. Wewe sali unavyojua."

Huyo Herman ndiye aliyemvunja mama yake mgongo. Alimaliza kidato cha nne, akakaa, akatafuta kibarua, akakosa, kisha akaanza kuonekana na viatu vipya na simu mbilimbili. Akiulizwa, husema anafanya "mambo ya mtandao". Siku moja jirani yao Swaumu, Mzaramo, shoga yake mama na mtani wake wa kutukanana kila asubuhi, alipigiwa simu na mtu wa huduma kwa wateja. Akaambiwa laini yake haijahakikiwa na itafungwa saa hiyo hiyo, afuate maelekezo. Alibonyeza kila alichoambiwa. Akiba ya kikundi cha akina mama, iliyokuwa kwenye simu yake, ikayeyuka.

Swaumu alilia, akalala, akaamka amekaa kitandani. Akavuka ua hadi kwa Tereza.

"Msukuma wangu, niambie. Yule mtu alikuwa ananiambia, 'Sasa Mama Firdausi, bonyeza moja.' Huko makao makuu wananijua mimi ni mama wa Firdausi?"

Tereza alijua papo hapo ni Herman. Mtoto aliyelelewa vizuri hawezi kumtaja mama wa jirani kwa jina lake kavu, hata anapomwibia. Adabu ile ile aliyompa kwa fimbo na upendo ndiyo iliyomfichua.

Aliuza cherehani. Akamlipa Swaumu mbele ya kikundi kizima bila kusema fedha zimetoka wapi, ingawa kila mtu alijua. Kisha akamsimamisha Herman mlangoni.

"Nimezaa watoto wawili. Tapeli sikumzaa. Usiniite mama tena."

Herman aliinama, akabeba begi lake, akaondoka. Hakupiga simu tena. Juliana alijaribu namba zake zote mbili, zote hazikupatikana.

Tangu hapo, tapeli yeyote aliyeipata namba ya Tereza Mwashi alijuta. Alikuwa na kitochi, simu ndogo ya vitufe yenye betri nzito, na alikuwa na muda, maana cherehani haikuwepo tena. Alikaa barazani na Swaumu, anaweka spika.

"Mama, shikamoo. Napiga kutoka huduma kwa wateja."

"Marahaba, mwanangu. Subiri nimfukuze kuku, ameingia kwenye unga."

Kuku huyo hakuwepo. Tapeli alisubiri. Mama akirudi anaulizia miwani. Miwani ikipatikana, anasema macho yake hayafanyi kazi bila sala.

"Mama, muda unakwenda, laini itafungwa."

"Ndiyo maana tusali upesi. Kwa jina la Baba, na la Mwana... Mbona huitikii? Ofisini kwenu hamsali?"

Swaumu alikuwa anaziba mdomo kwa khanga. Wengi walikata. Mmoja alimtukana, mama akamwambia, "Hayo matusi umeyasema vibaya, ngoja nikupe mtani wangu Mzaramo akufundishe." Swaumu akaichukua simu, na mtu yule hakupiga tena. Mmoja alivumilia rozari hadi tendo la tatu kati ya matano, kisha akasikika anamwambia mwenzake, "Oya, huyu bibi anamaliza vocha." Siku hiyo walicheka hadi Rama, mume wa Swaumu, akatoka nje kuuliza nani kaolewa.

Kisha akapiga yule mwingine.

Juliana alikuwepo siku hiyo, amekuja kumsalimu mama. Sauti ilikuwa nzito, ya kujikaza, kama mtu anayeongea akiwa amebana pua. "Mama, shikamoo. Habari ya nyumbani, mama? Mama, mimi ni mtu wa huduma kwa wateja." Mama akaanza michezo yake, kuku, miwani, sala. Yule mtu hakuharakisha. Litania ilipoanza akaitikia, taratibu, "Utuombee." Juliana alikuwa amekwenda jikoni kuepua maharage. Aliporudi, mama alikuwa amezima spika, simu iko sikioni, na Swaumu alikuwa anaangalia pembeni kama mtu aliyekuta wenzake wanaoga.

"Umekula?" mama alikuwa anauliza kwenye simu. "Umekula nini?"

Alipokata, Juliana alimjia juu. "Mama, unamwuliza tapeli kama amekula?"

"Kwani tapeli hana tumbo?"

Yule mtu alipiga tena na tena baada ya hapo, kila mara kwa namba nyingine, na kila mara alikuwa mtu wa huduma kwa wateja. Hakufika kwenye kubonyeza namba hata siku moja. Juliana aliudhika, akamwambia mama siku moja wataichota akiba yake yote. Mama alijibu maneno ambayo Juliana aliyaona ya kizee wakati huo: "Dakika anazokaa na mimi, hamwibii mtu."

Mwili uliletwa Kibaha na kuwekwa chumba cha maiti. Ndugu wakaanza kufika Visiga, turubai likafungwa, mikeka ikatandikwa. Baba mkubwa Mahona, kaka yake Ponsiano, alisafiri kutoka Magu. Ikaamuliwa watu wamuage mama pale pale Visiga baada ya misa, kisha wampeleke Masaki kulala kando ya mumewe. Swaumu alifanya kazi yake ya utani kama inavyotakiwa. Alijifunga kitenge cha marehemu, akauigiza mwendo wa marehemu wa kuchechemea katikati ya waombolezaji, akasema, "Msukuma huyu mchoyo, kanikimbia na bakuli langu!" Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Kisha akakaa kwenye mkeka kando ya Juliana.

Kitochi cha mama kilikuwa mkononi mwa Juliana, kimechajiwa. Kiliita mchana, yeye na akina mama wakiwa wanachambua mchele.

"Mama, shikamoo. Mimi ni mtu wa huduma kwa wateja."

Damu ilimpanda. "Mwenye simu amekufa!" alipiga kelele, akina mama wakageuka. "Mmesikia? Amekufa! Katapelini maiti sasa!"

Alitegemea mlio wa kukatwa. Haukuja. Alisikia pumzi tu.

Swaumu alimshika mkono. "Usikate. Ni yule wa sala."

"Ndiyo nini sasa?"

"Usikate, Juliana."

Juliana hakuelewa, na hasira ilikuwa bado imemkaba. Akasema kwa kejeli, "Haya, wewe unayejua kusali. Makimbilio ya wakosefu!"

Ikaja sauti, sasa bila kubanwa, ndogo, iliyopasuka katikati.

"Utuombee. Na walio njiani."

Punje za mchele zilimwagika mapajani kwake, hakuziona. Duniani kote hakuna aliyeitikia hivyo isipokuwa watu wa nyumba moja, na wawili kati yao walikuwa wamekufa.

"Herman."

"Amekufa lini, dada?"

Ndipo Juliana alipoelewa. Mdogo wake alikatazwa kumwita mama. Lakini mtu wa huduma kwa wateja humwita kila mwanamke mama, na kila mwanamke humjibu kijana yeyote mwanangu. Walikuwa wamelitii neno lile wote wawili, na wakapita pembeni yake. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Umekula? Hakuna aliyemtaja mwenzake.

"Ulijua?" alimwuliza Swaumu.

"Nilijua siku ile ile. Mama yako aliniapisha nisiseme. Alikuwa anaogopa ukijua utamsema mdogo wako, naye akisemwa ataacha kupiga."

Herman alitaka kuja kumwona mama yake. Hilo tu. Lakini Visiga hakukuwa na nyumba aliyoweza kupita mbele yake mchana. Baada ya Swaumu aliwaliza wengine mtaa ule ule, na vijana walishasema wakimwona watamfanya nini. Wiki chache nyuma, karibu na stendi, mtu aliyedhaniwa mwizi wa simu alipigwa akafa, na baadaye ikajulikana simu ilikuwa yake.

Juliana alikwenda upande wa wanaume, akachuchumaa mbele ya Rama.

"Shikamoo, Baba Firdausi."

"Marahaba, mwanangu. Pole."

Akamweleza. Rama alisikiliza huku anaivunja njiti ya kiberiti vipande vipande.

"Mimi nilishalipwa," alisema. "Aliyenilipa ndiye huyu tunayemzika. Sina kesi. Lakini hawa vijana sitaweza kuwashika mikono wote. Akikanyaga hapa, kesho mtazika wawili."

"Amuage mama yake wapi sasa?"

"Masaki ni kwenu. Aje Masaki. Watakaopanda gari la kwenda huko nitawachagua mimi mwenyewe."

Juliana aliondoka akaipigia ile namba, akamwambia Herman asije nyumbani, aje Masaki. Alijua anachomwambia. Mwili ungeagwa Visiga, na jeneza likishafungwa Visiga, basi. Herman alisema, "Sawa, dada," akakata.

Siku ya maziko watu walipita mbele ya jeneza kwa mstari. Mama alivalishwa sare yake ya kanisani, uso wake umetulia, mdomo umefumbwa kidogo upande kama alivyokuwa akizuia kicheko. Juliana alimwangalia kwa muda mrefu, akijaribu kumwangalia na kwa niaba ya mwingine, hadi mtu akamshika bega. Jeneza likafungwa kwa skrubu.

Barabara ya kwenda Masaki ilikuwa na vumbi. Gari lilipita magunia ya mkaa yaliyopangwa kando na mihogo iliyoanikwa, hadi wakafika kwenye mikorosho. Kaburi lilikuwa tayari, kando ya lile la Ponsiano lenye msalaba uliopauka. Herman hakuwepo.

Padre alianza sala. Juliana alikuwa haangalii kaburi, alikuwa anaangalia njia. Jeneza lilipowekwa juu ya kamba, ikasikika pikipiki. Ilikuwa ya Dulla. Nyuma yake aliketi mtu mwembamba mwenye kofia, na Juliana alimtambua kwa namna alivyoshuka, kwa mguu wa kushoto kwanza, kama baba alivyokuwa akishuka kwenye lori. Watu waligeuka. Wengine walianza kunong'ona. Rama alisogea akasimama kati yao na yule kijana, mikono nyuma.

Herman alivua kofia. Alikwenda moja kwa moja kwa baba mkubwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, naomba mfungue kidogo. Sijamwona."

Mzee Mahona alimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti haikuyumba. "Mwanangu, jeneza likishafungwa nyumbani halifunguliwi shambani. Mama yako alikuwa mtu wa heshima. Hatutamfungua skrubu porini kama sanduku la mizigo."

"Nitamwangalia mara moja tu, baba."

"Hapana."

Padre alifunga kitabu kwenye kidole chake, akasubiri. Herman alisimama pale, hajui pa kuweka mikono. Juliana akamwendea, akamshika kiwiko, akampeleka upande wa pili wa jeneza.

"Kichwa kiko huku," alimwambia.

Herman alipiga magoti kwenye udongo mwekundu. Akaweka kiganja juu ya mbao, mahali alipoonyeshwa, akainamisha paji la uso juu ya mkono wake. Alisema jambo. Juliana alikuwa karibu, na bado hakulisikia, wala hakumwuliza hadi leo.

"Tumshushe," alisema mzee Mahona. "Jua linakwenda."

Kamba zililegezwa. Jeneza likateremka polepole, likagonga chini mara moja. Padre akarusha udongo wa kwanza, kisha baba mkubwa, kisha Juliana, kisha Herman. Wanaume wakachukua makoleo. Kwa desturi wanapokezana, mtu akichoka anampa mwingine. Herman alichukua koleo na hakumpa mtu. Kila aliyenyoosha mkono kumpokea alirudi nyuma. Upande wa pili wa kaburi alikuwa Rama, naye hakuliachia lake. Walifukia hivyo, wanaangaliana na hawaangaliani, udongo wa huyu ukiangukia juu ya udongo wa yule, hadi shimo likajaa na kuwa tuta.

Wakati akina mama wanalisawazisha tuta kwa mikono, Juliana alisimama kando ya mdogo wake. Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni.

"Unarudi kwenye kazi ile ile?"

Herman aliangalia malengelenge kwenye viganja vyake. "Sina nyingine, dada."

Juliana alitaka kumpiga, na alitaka kumshika, na hakufanya lolote kati ya hayo. Mungu peke yake ndiye anayejua mwisho wa mtu.

Msalaba wa mbao ukasimamishwa, umeandikwa Tereza Mwashi. Msemaji akaita watoto wa marehemu, wakaenda wawili, wakaweka shada moja. Wakaitwa ndugu, jumuiya, akina mama wa kanisani, majirani. Swaumu aliweka ua lake, akaligusa tuta kwa ncha za vidole, akarudi mahali pake. Padre akanyunyiza maji ya baraka, akasema, "Raha ya milele umpe, ee Bwana." Watu wakaitikia, "Na mwanga wa milele umwangazie." Akasema, "Apumzike kwa amani." Wakasema, "Amina." Wakanawa mikono kwenye ndoo iliyowekwa chini ya mkorosho, wakapanda gari, na Herman akapanda nyuma ya pikipiki ya Dulla kuelekea Kisarawe mjini.